Gari Lililokohoa Masika Yote

Jumatatu, 3 Machi

Mvua na muhula vimeanza siku moja, na vyote viwili vimenikuta sina mwavuli.

Mkuu wa chuo alituita ofisini, mimi ninayefundisha injini na mwenzangu anayefundisha umeme wa magari, ambaye chuo kizima kinamwita Fyuzi kwa sababu akikasirishwa anakatika haraka. Hakutukaribisha kiti. Alisema mkaguzi anakuja wiki ya mwisho ya muhula, na karakana yetu inakula nafasi kubwa bila kuonyesha kitu. Gari la mafunzo likiwaka na kutulia mbele ya mkaguzi, karakana itabaki. Lisipotulia, itageuzwa ukumbi wa kukodisha, wanafunzi watagawanywa kwenye kozi nyingine, Fyuzi atashughulikia taa na spika za ukumbi, na mimi nitahamishiwa masijala kupanga mafaili.

"Masijala pana kiti kizuri, Mwalimu," akaniambia, kama mtu anayetoa zawadi.

Mimi sijawahi kushika karatasi bila kuiachia alama ya kidole. Nilitoka pale nimefura kwa hasira.

Gari lenyewe wanafunzi wanaliita Kikohozi. Tulipewa na mtu aliyechoka nalo, na tangu lifike halijatoka getini. Kazi yake ni kuwashwa, kufunguliwa na kufungwa. Leo nilipoliwasha lilianza kugonga ndani, likatetemeka mpaka spana zikaanguka mezani, na taa ya injini ikawaka. Fyuzi akachomeka mashine yake ya kusomea makosa. Ikasema valvu zinafunguka kwa kuchelewa.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kubadilisha oili, kama kila Jumanne. Wanafunzi wameloa nayo mpaka viwiko. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimewaeleza wanafunzi ugonjwa wa Kikohozi, na nauandika hapa ili nami niusikie vizuri. Injini za zamani zilifungua valvu kwa mpangilio uleule, uwe unapanda mlima au umesimama kwenye foleni. Hizi za kisasa zina valvu moja ndogo, yenye ukubwa wa dole gumba, inayoruhusu oili ipite. Oili inasukuma gia ya shafti ya kamu, ule mhimili unaozibonyeza valvu kubwa, nazo zinafunguka mapema au baadaye kadiri injini inavyotaka. Oili ikichelewa kufika, kila kitu kinachelewa, na gari linatetemeka kama lenye homa.

Balaa ni kwamba ile valvu ndogo inaendeshwa kwa umeme. Ina mguu mmoja kwangu na mguu mwingine kwa Fyuzi.

"Ni umeme," akasema Fyuzi, amesimama mbali ili shati lake jeupe lisichafuke. "Mvua imeingiza maji kwenye waya. Mtoto mdogo anaona."

"Ni cheni ya taimingi imelegea," nikamjibu. "Mtoto mdogo aende akacheze."

Nimeandika ubaoni yote yanayoweza kusababisha hitilafu hii: oili, valvu ndogo, sensa inayopeleka vipimo vya injini, waya, cheni inayozungusha kamu, gia ya kamu. Oili nikaifuta palepale. Gari lililobadilishwa oili mara nyingi kuliko Kikohozi labda liko mbinguni.

Mwanafunzi tunayemwita Wakili, maana hana swali dogo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hili kosa umelitega wewe?"

Ni kweli kwamba kila muhula huwa natega kosa moja kwenye gari, wao walitafute kwa ajili ya mtihani. Darasa zima likanitazama kwa tabasamu la watu walioshtukia mchezo. Nilitakiwa kusema sikutega. Nikasema, "Tafuteni."

Ijumaa, 7 Machi

Jua limetoka. Kikohozi limewaka likatulia kimya, halina hata mafua. Fyuzi amezunguka chuo kizima akitangaza kwamba waya zimekauka.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua, baridi. Kikohozi linagonga.

Jumanne, 11 Machi

Oili.

Alhamisi, 13 Machi

Fyuzi amebadilisha sensa. Ameifunga kwa utepe mweusi, kisha mwingine juu yake, kisha akaivalisha mfuko wa plastiki. Sensa sasa imevaa vizuri kuliko mimi. Gari bado linagonga.

Nyumbani nimemweleza mume wangu, Baba Pacha, ambaye alikuwa karani hospitalini mpaka alipostaafu na sasa anatibu kila kitu kwa dawa moja.

"Lipumzisheni," akasema.

"Linapumzika miaka yote, Baba Pacha. Halijaenda popote."

"Basi lina upweke."

Nimelala nimempa mgongo.

Jumanne, 18 Machi

Oili. Paa linavuja pale juu ya meza. Ndoo nne, na zote zinajaa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeichomoa ile valvu ndogo. Ina kichujio cha nyavu laini, nacho kimezibwa na tope jeusi zito, unaweza kulipaka ukutani. Niliwaita wanafunzi wote waone.

"Hii ndiyo kazi ya mwenye gari wa kwanza," nikawaambia. "Mtu asiyejua maana ya oili. Alilitesa gari, halafu akatugawia sisi mateso yake."

Niliongea kwa uchungu sana. Wakili aliandika kila neno. Nikasafisha kichujio, nikakirudisha, gari likawaka na kutulia, na nilipita mbele ya dirisha la Fyuzi mara kadhaa bila sababu yoyote.

Jumanne, 25 Machi

Oili. Gari ni zima kabisa. Nimeimba nikiosha mikono.

Alhamisi, 27 Machi

Linagonga.

Ijumaa, 28 Machi

Linagonga, na taa imewaka, na Fyuzi amepita mbele ya dirisha langu mara kadhaa bila sababu yoyote.

Jumatano, 2 Aprili

Leo sikujizuia. Nilianza kujiuliza nani ananichezea. Gari linapona, halafu usiku kucha liko peke yake, asubuhi linaumwa. Nani anafaidika? Mtu mwenye kazi hata karakana ikifungwa. Mtu wa taa na spika. Nilimfuata Fyuzi chumba cha walimu, akiwa anapanga kalamu zake mfukoni kwa rangi.

"Unalichokonoa gari usiku," nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. "Mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi? Nijipeleke masijala kwa mikono yangu?"

"Dada, wanafunzi wote wanasema kosa umelitega wewe. Wanasema ni kosa la karne. Wengine wanakuombea." Akaniangalia vizuri. "Kwa hiyo hujui lina nini?"

Aibu ilinipanda mpaka kwenye masikio. Mtu ninayemdharau kwa sababu ya shati lake ndiye wa kwanza kujua kwamba mwalimu wa injini amekwama. Nikasubiri acheke, nimpasue. Hakucheka. Akachukua kalamu yake ya buluu akairudisha mahali pake.

"Basi tulitafute wote," akasema. "Lakini ni umeme."

Jumanne, 8 Aprili

Oili. Mvua ya kufa mtu, hatukusikilizana darasani.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumepata valvu nyingine ndogo kwenye gari bovu, tumeifunga. Limepona.

Alhamisi, 17 Aprili

Limeugua.

Jumatano, 23 Aprili

Siku ndefu kuliko zote. Nimeamua kuifungua injini mbele na juu, tuone cheni na gia ya kamu kwa macho. Wanafunzi walipanga boliti kwenye masanduku ya mayai, kila boliti kwenye kishimo chake, na Wakili akakaa mlangoni kuzuia mtu asiingie akazichanganya. Alimzuia hata Mkuu. Mkuu alisimama mvuani akisema, "Mimi ndiye mkuu wa chuo," na Wakili akimjibu, "Ndiyo maana tunakuomba uelewe."

Cheni ni nzima. Niliipima, nikaipima tena, nikamwomba Fyuzi aipime, maana nilitamani sana iwe mbovu. Haijalegea hata kidogo. Gia ya kamu nayo nzima, ila imejaa lile tope jeusi. Juu ya valvu kila kitu kimepakwa lami.

Fyuzi akasogea karibu kuliko siku zote, tone moja la oili likamrukia kifuani. Alilitazama kama mtu aliyepigwa risasi.

"Nimeumia," akasema, tukacheka wote wawili, na wanafunzi wakashangaa maana hawajawahi kutuona tukifanya hivyo.

Baada ya kufunga kila kitu nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Umeme: Fyuzi amepima kila waya, mzima. Cheni nzima. Gia nzima. Valvu tumebadilisha. Ubaoni hakuna kilichobaki. Mkuu alipopita mara ya pili aliingiza kichwa tu. Anatembea na mita ya kupimia, ile ya utepe, na nilimwona akipima ukuta wa nyuma kwa nje, pale jukwaa litakapokaa.

Nimerudi nyumbani nikalia kidogo jikoni. Baba Pacha hakusema habari ya kupumzisha. Alinisugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka weusi ukapungua, na akaniambia masijala wakinichukua atakuja kila siku kuomba faili ili anione. Sikujua kama nicheke.

Jumanne, 29 Aprili

Naandika hata mikono sijanawa.

Asubuhi ilikuwa oili, kama kila Jumanne. Fyuzi, ambaye hajawahi kukanyaga somo la oili kwa ajili ya mashati yake, leo alikuja na mita yake ya umeme. Alitaka kupima ile valvu wakati injini imepoa kabisa. Alikuwa amevaa koti la zamani la mpishi wa chuo. Akajikunyata pembeni, ananisubiri nimalize.

Kundi la kwanza likafungua boliti ya chini, oili ikateremka kwenye beseni. Likafunga boliti. Kundi la pili likainua beseni, likaweka faneli juu ya injini, likamimina taratibu bila kudondosha hata tone. Nikawasifia. Ni wepesi sana, wanafunzi wangu.

"Samahani," akasema Fyuzi. "Wanafanya nini hapo?"

"Wanabadilisha oili," nikamjibu.

"Hapana, hiyo wanayomimina. Ni nini?"

"Ni oili."

"Imetoka wapi?"

Nikaelekeza kidole chini ya gari. Kidole kikabaki palepale.

Nataka niandike utetezi wangu pia. Nilipoanza kufundisha hapa niliomba oili mpya, Mkuu akasema isubiriwe, na somo lilikuwa siku hiyohiyo. Nikasema basi tufanye mazoezi kwa iliyopo, tuitoe na kuirudisha, mkono uzoee. Ilikuwa iwe mara moja. Kisha muhula mwingine nikaomba, Mkuu akasema, "Oili si mnabadilisha kila Jumanne? Nawaona kwa macho yangu." Nami nikaanza kuamini kama yeye. Kila Jumanne nimeona oili ikitoka, nimeona oili ikiingia, na kichwa changu kikasema imebadilishwa. Hakuna gari lililobadilishwa oili kama hili, na halijawahi kubadilishwa oili hata siku moja. Tope jeusi lote lile ni letu. Yule mwenye gari wa kwanza niliyemtukana mbele ya darasa zima nampa pole hapa.

Matone ya paa yalilia kwenye ndoo. Kisha Wakili, kwa sauti ya heshima kubwa: "Mwalimu! Kumbe hapo ndipo ulipolitega!"

Darasa likalipuka kwa makofi. Walipiga makofi kwa dakika nzima, wengine wamesimama. Nilimtazama Fyuzi. Alikuwa na ushindi wa maisha yake mkononi, angeweza kunimaliza kwa sentensi moja.

Akapiga makofi na yeye.

Jumatano, 30 Aprili

Mkuu amekataa oili. "Jana tu mmebadilisha," amesema.

Ijumaa, 2 Mei

Fyuzi amefika amebeba galoni mbili za oili mpya nyembamba, ile inayotakiwa na injini hii. Alikuwa amezifunika kwa koti lake la mvua, yeye mwenyewe analowa chapachapa. Shemeji yake ana duka la vipuri.

"Oili haidhuriki na mvua," nikamwambia. "Imefungwa."

"Najua," akasema, akajipangusa miwani.

Tumetoa ile nzee. Haikumwagika, ilidondoka kwa mafungu. Tumetia mpya, tumeiacha injini ioshwe nayo, tumeitoa tena ikiwa nyeusi, tumetia galoni ya pili. Kichujio kikubwa cha oili nacho kipya. Valvu ndogo nimeisafisha kwa mswaki mpaka Baba Pacha akaniuliza mswaki wake uko wapi.

Jumatatu, 5 Mei

Baridi, mvua ya asubuhi. Liligonga kidogo, likanyamaza.

Jumanne, 6 Mei

Leo hatukugusa oili. Wanafunzi hawakujua waweke wapi mikono.

Alhamisi, 8 Mei

Haligongi kabisa. Kesho ni mkaguzi. Roho iko juu.

Ijumaa, 9 Mei

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye viatu vya mpira na miwani inayoning'inia kifuani. Mkuu alimtembeza akimwonyesha jinsi karakana ilivyo pana, "inaingiza viti vingi sana," mpaka mama akamuuliza kama amekuja kukagua viti.

Wakili aliwasha gari. Likashika mara moja, likatulia, taa ikazimika yenyewe. Nilisikia mvua juu ya bati kuliko injini. Fyuzi alinikanyaga mguu kwa furaha.

"Mkuu ameniambia hili gari lilishindikana muhula mzima," akasema mkaguzi. "Lilikuwa na nini?"

Mkuu akanitolea macho. Hapo nilielewa kwamba nikisema ukweli naonekana mjinga wa wajinga, mwalimu wa injini aliyelisha gari uchafu wake kila wiki, na karakana inakwenda. Kabla sijafungua mdomo, Fyuzi akasogea mbele.

"Waya, mheshimiwa," akasema, na sauti yake haikutikisika hata kidogo. "Waya mmoja uliingia maji. Ilikuwa kazi ya idara yangu na nilichelewa kuuona. Mwenzangu hapa hana kosa. Ilikuwa umeme tu."

Nilijua kabisa anafanya nini. Alikuwa amejitwika mzigo wangu, akiwa na shati lake jeupe, mbele ya wanafunzi wake mwenyewe. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, kutikisa kichwa. Nikaanza kukitikisa.

"Umeme," akarudia mkaguzi, akiandika.

"Umeme," akasema Fyuzi.

"Si umeme!"

Kila mtu akageuka kumtafuta aliyepiga kelele. Nilikuwa mimi. Masika yote nimemwambia si umeme, sikuweza kuacha likaandikwa kwa wino wa serikali kwamba ni umeme. Basi yakamwagika yote. Beseni, faneli, Jumanne, tope, kila kitu.

Mkaguzi akavua miwani. "Subiri. Mnaitoa."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Halafu mnairudisha. Ileile."

"Ileile."

"Kwa muda gani?"

"Wanafunzi wa kwanza kuitoa sasa wana watoto shuleni."

Akamgeukia Mkuu. "Na wewe hukuliona hili?"

"Nililiona kila Jumanne, mheshimiwa," akasema Mkuu, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Nilikuwa nawapongeza."

Mama akawauliza wanafunzi jinsi tulivyogundua, na hapo ndimi zikafunguka. Walieleza wote kwa pamoja: kwa nini siku za jua oili ilipita na siku za baridi ikaganda, kwa nini kusafisha kichujio kulisaidia siku chache tu, cheni tuliipima vipi, waya tulizikagua vipi. Wakili alichora ubaoni. Mama aliuliza, wakajibu, akauliza tena, na mwishowe akaketi kwenye ndoo yangu na kucheka hadi akashika mbavu.

"Kila chuo ninachokwenda," akasema alipopata pumzi, "gari linawaka, na nikiuliza linawakaje, watoto wanatazamana. Hapa mwalimu ameliua gari, na watoto wake wanaweza kunieleza hatua kwa hatua jinsi alivyoliua na lilivyofufuka. Karakana inabaki. Mkuu, oili mpya kila muhula, na ya zamani isirudi ndani. Na huyu usimpeleke masijala. Atatoa mafaili na kuyarudisha yaleyale."

Nimelia mbele ya watu, na sijali. Wanafunzi walinibeba juu, wakanigonga kichwa kwenye boneti.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikwenda karakana kumshukuru Fyuzi. Njiani nilijiandalia maneno mazuri ya upole. Nilimkuta anakunja waya zake, hanitazami.

"Nilikutupia kamba," akasema kabla sijasalimia. "Ukaikata kwa meno."

"Ulisema umeme!"

"Ningesema nini, dada? Ningesema panya?"

"Ungesema panya! Panya ningevumilia!"

"Ungeweza kupoteza karakana kwa neno moja!"

"Na wewe ungeweza kupoteza jina lako kwa waya ambao haupo! Nani alikutuma? Shati jeupe lote lile, nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma!"

Tulipandishiana sauti mpaka mlinzi akaja mbio na rungu lake, akachungulia mlangoni, akauliza kama kuna mtu ameumia.

"Hakuna," Fyuzi akamjibu, bado amenikazia macho. "Ni wenye karakana tu, wanaongea."